Namna ya kukesha na mechi ya ubingwa wa konferensi ukiwa Unguja, na asubuhi uwe na la kusema barazani

Mwezi wa pili ukishafika mwisho maswali ni yale yale kwenye kila grupu la basketi ya vyuo vya Marekani. Leo wanabeba au bado? Wakishinda hii ndo basi? Mbona wale juzi wameshinda na hawakukata nyavu (ile mila ya bingwa kukata wavu wa ringi), na hawa wa jana wamekata na bado wana mechi mbili mkononi? Nimechoka kujibu kwa voisi noti za dakika tano tano, kwa hiyo naandika hapa mara moja, na anaetaka ubishi aje na hesabu.

Haya ni ya mtu alieko huku kwetu, Unguja au Pemba, anaefata timu ya chuo cha Marekani kwa mapenzi tu, na anataka ule usiku mmoja timu yake inapomaliza kazi ya ubingwa nyumbani kwake, mbele ya watu wake, usimpite usingizini. Si lazima ukeshe kila mechi. Ufundi wote uko kwenye kujua ni usiku upi. Ukikesha kila Jumanne na kila Jumatano na kila Jumamosi tokea Januari, kazini watakuchoka, nyumbani watakuchoka zaidi, na usiku wenyewe ukifika utakukuta unakoroma.

Kwanza ujue unazungumzia ubingwa gani

Vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, vimegawika kwenye makundi, ndo hizo konferensi. Big East, ACC, SEC, Big Ten, Big 12 ndo utakazozisikia sana lakini zote pamoja ni thelathini na kitu. Kila konferensi ina mataji mawili na hapa ndo watu wanapogongana vichwa. Lipo la msimu, mnachezeana nyumbani na ugenini wiki kwa wiki mpaka mwanzo wa Machi. Halafu lipo la mtoano, siku chache tu, ukifungwa unarudi kwenu. Wee chukulia Ligi Kuu ya Zanzibar na Mapinduzi Cup. Mlandege walimfunga Simba 1-0 fainali ya Mapinduzi Januari 2024 pale Amaan na raha tulioipata tunaijua wenyewe, lakini kombe la mtoano ni la mtoano, na ligi ni ligi, kila moja na heshima yake.

Sasa cha ajabu, tiketi ya moja kwa moja ya kuingia kwenye yale mashindano makubwa ya Machi, ya timu 68, anapewa alieshinda mtoano. Yule alieongoza msimu mzima hana uhakika. Kwenye konferensi kubwa haisumbui maana bingwa wa msimu ataitwa tu na kamati ya NCAA inayochagua timu, ila kwenye konferensi ndogo unaweza kuwa kinara miezi miwili, ukateleza usiku mmoja kwenye mtoano, na Machi ukaiangalia kwenye tivii kama sie. ACC wenyewe kwa sheria yao bingwa rasmi ni wa mtoano. Ivy League ndo walikuwa tafauti, mpaka 2017 hawakuwa na mtoano kabisa, alieongoza msimu anakwenda.

Mie naona ubingwa wa msimu ndo mtamu, na ndo wenye usiku wa nyumbani. Mtoano wa konferensi kubwa unachezwa kwenye ukumbi mmoja mbali huko, mashabiki wamechanganyika. Wa msimu unaweza kuumalizia kwako, wanafunzi wako wamejaa nyuma ya ringi, mama wa kapteni yumo ndani. Kwa hiyo huo ndo tunaoupigia hesabu.

Hesabu yenyewe

Sahau pointi tatu kwa mechi, sahau na tafauti ya magoli. Basketi ya vyuo haina sare, unashinda au unashindwa, msimamo ni idadi ya ushindi basi. Na mkilingana juu kabisa mwisho wa msimu, nyote ni mabingwa, kila mmoja anatundika bango lake ukutani. Vigezo vya nani kamfunga nani vinatumika kupanga nani atacheza na nani kwenye mtoano, havimvui mtu ubingwa. Kansas walichukua Big 12 miaka 14 mfululizo, 2005 mpaka 2018, na humo ndani ipo ya kugawana, na hakuna anaewapunguzia.

Kwa hiyo kuna namba mbili unazozitafuta, ya kupata angalau nusu ya taji na ya kulichukua lote peke yako.

Ya kulichukua lote: chukua jumla ya mechi za konferensi, ongeza moja, toa ushindi wa kinara, toa vipigo vya anaemfata. Inayobaki ndo namba yako. Kila kinara akishinda inapungua moja, kila anaemfata akifungwa inapungua moja, ikifika sifuri kazi kwisha. Ya kugawana ni hiyo hiyo lakini usiongeze ile moja mwanzo.

Tufanye na mfano wa kweli ili usiseme nakupiga kamba. Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Machi 2024, UConn, yaani chuo cha Connecticut, kwenye Big East walikuwa wameshinda 15 wamefungwa 2. Waliokuwa wakiwafukuza ni Marquette, na Marquette jana yake Jumamosi walikuwa wamepigwa na Creighton, kwa hiyo wana vipigo 5. Big East kila timu inacheza mechi 20. Ishirini na moja, toa kumi na tano, toa tano, inabaki moja. Ya kugawana ni sifuri, maana yake nusu ya taji walishaipata Jumamosi na hawakurusha hata mpira. Jumapili wakawa nyumbani na Seton Hall, wale wale waliowafunga 75-60 kule Newark mwezi wa Disemba, wakawalipa 91-61, taji lote likawa lao peke yao, mara ya kwanza tokea 1999. Wakamaliza msimu 18-2 na mwezi wa nne wakachukua na ubingwa wa nchi nzima kwa kumpiga Purdue 75-60.

Umeona faida ya hesabu? Anaejua, Jumamosi usiku alikuwa anaangalia mechi ya Creighton na Marquette, si mechi ya UConn. Asiejua aliisikia habari Jumatatu dukani.

Angalizo moja tu hapa. Kama wanaokufata ni wawili watatu, piga hesabu kwa kila mmoja, halafu namba kubwa kuliko zote ndo ya kuiamini. Watu wanapiga kwa yule wa pili tu na kumsahau wa tatu aliebakisha mechi nyingi.

Saa, hapa ndo wengi wanapopotea

Marekani ya mashariki, New York na Connecticut na huko kote, iko nyuma yetu masaa manane wakati wa baridi. Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa zao mbele, inakuwa saba. Wiki hiyo ndo wiki ya mwisho mwisho ya msimu au mtoano umeanza, yaani wanabadilisha saa pale pale unapoihitaji. Mechi ya saa moja usiku kwao ni saa tisa usiku kwetu, baada ya kubadilisha ni saa nane. Ile ya saa tatu usiku kwao ni saa kumi na moja alfajiri, au kumi. Ukishabikia timu za kule magharibi kama Gonzaga basi hesabu yako ni ya asubuhi, wanaanza wakati wenzio wananunua mkate.

Na tarehe jamani. Mechi iloandikwa Jumanne usiku kwetu ni Jumatano. Weka alam kwa saa ya huku, usiangalie tarehe ya kule, yupo mtu kakaa macho usiku mzima siku ya kabla.

Raha kubwa ni Jumamosi na Jumapili. Mechi ya saa sita mchana kwao kwetu ni saa mbili usiku, umeshasali isha, umeshakula, unakaa na wenzio kama watu. Majumba mengi ya utangazaji Marekani yanapenda mechi kubwa za mwisho wa msimu ziwe wikendi, na mechi ya mwisho ya nyumbani ya wanafunzi wanaomaliza chuo mara nyingi inaangukia hapo. Ukiona timu yako inaaga wanafunzi wake na namba iko moja, hiyo usiikose hata iweje.

Halafu kuna Ramadhani. Ya 2025 ilianza mwanzo wa Machi na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi, kumi na moja hivi, kwa hiyo miaka hii imekaa juu juu ya mwisho wa msimu wa konferensi. Kwetu hiyo si balaa, ni neema. Mechi ya saa tisa usiku inaanza wakati nyumba nzima imeamka kwa daku, huna haja ya kumuomba mtu radhi kwa kuwasha taa. Mechi inachukua kama masaa mawili, itamalizika karibu na adhana ya alfajiri. Ila kula mapema, kipindi cha kwanza. Dakika za mwisho zikianza na faulo zile na taim-auti hutokumbuka sahani, utakuja kushtuka muadhini keshaanza na wewe una uji mkononi.

Bando, tivii na majirani

Kama una king'amuzi chenye chaneli za michezo za Kimarekani angalia ratiba mapema, si kila mechi inarushwa, na konferensi ndogo sahau. Anaetumia simu ajue video inakula bando vibaya. Ukiwa na kidogo, fata maandishi, programu ya ESPN na ya NCAA zote zinaandika tukio kwa tukio, nani karusha, nani kakosa, nani kafanya faulo, na inakula kidogo sana. Kuna watu wanadharau kusoma mechi kwa maandishi, mie nawambia kwa mechi ilio karibu karibu presha ya maandishi ni kubwa kuliko ya video, unakaa unaangalia mstari haubadiliki unajua kuna kitu kimetokea. Video iweke akiba kwa dakika tano za mwisho.

Chaji simu na pawabenki tokea jioni. Umeme ukikatika saa tisa usiku hakuna wa kumlalamikia.

Na kama unakaa Mjini, zile nyumba zetu za ukuta kwa ukuta, hedifoni. Mzee wa jirani hajui Storrs, kwao UConn, iko wapi na hataki kujua. Kelele fanya kwa mikono.

Uangalie nini ndani ya mechi

Wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika ishirini, wanawake robo nne za dakika kumi. Sekunde 30 za kushambulia. Faulo tano unatoka. Mpira ukigombaniwa hawaurushi juu tena kama mwanzo wa mechi, kuna mshale mezani unaonesha zamu ya nani, uangalie ule mshale dakika za mwisho maana unaamua mambo.

Kwenye mechi ya kumalizia ubingwa nyumbani dakika kumi za mwanzo usiziamini. Timu inakuwa na pupa, wanarusha mbali mapema, yule mwanafunzi anaeaga kashatokwa na machozi kabla ya mechi na sasa mpira haumkai mkononi. Mgeni hana cha kupoteza anacheza kwa raha zake. Usikate tamaa wala usianze kutukana kwenye grupu. Angalia vitu vinne tu: wanaingiza mitupo yao au hawaingizi, wanapoteza mipira mingapi, ribaundi (mpira uliokosa ringi ukarudi) za upande wa kushambulia nani anazichukua, na nani anakwenda kwenye mstari wa faulo. Ukiona timu yako inakosa mitupo lakini inachukua ribaundi zake na haipotezi mpira, tulia, mitupo itaingia kipindi cha pili. Ukiona inapoteza mpira ovyo, hapo una haki ya wasiwasi.

Kuna kitu kinawachanganya wengi upande wa wanaume. Faulo za timu zikifika saba kwenye kipindi, anaechezewa anapewa mtupo mmoja, akiingiza ndo anapewa wa pili, akikosa mpira uko hai. Zikifika kumi anapewa miwili moja kwa moja. Kwa hiyo timu ilioachwa pointi sita na dakika moja imebaki inafanya faulo makusudi, inacheza kamari ya ule mtupo wa kwanza. Hapo usitoke kwenda kunawa. Mechi haijaisha.

Kukata nyavu na kuvamia uwanja

Ikishaisha usizime. Wanaleta ngazi, kila mchezaji anapanda anakata uzi mmoja wa wavu, na kocha anapanda mwisho anauchukua ulobaki. Mila hii ilienezwa na Everett Case, kocha wa NC State aliekuja na mambo ya kwao Indiana, walipochukua Southern Conference 1947. Zipo timu kubwa hazikati nyavu kwa ubingwa wa msimu, zinasema tunangoja mkubwa zaidi. Na zipo zinazokata hata kwa kugawana. Mie sina neno na wanaokata. Umecheza miezi miwili kwenye viwanja vya watu na barafu nje, kata wavu wako.

Kuvamia uwanja ni kitu kingine. Wanafunzi wanateremka wote ndani. Kinapendeza kwenye tivii lakini watu wanaumia, Februari 2024 Kyle Filipowski wa Duke alitoka anachechemea baada ya mashabiki wa Wake Forest kumvamia, na SEC sasa chuo kinapigwa faini ya dola laki tano. Tena kama timu yako ilitarajiwa kushinda tokea mwanzo, kuvamia uwanja ni kujidhalilisha. Hilo ni lenye ubishi, najua.

Asubuhi barazani

Sheria ya kwanza, usimwage matokeo. Yupo mtu kalala makusudi anataka aiangalie marudio baada ya sala, sasa wewe unaingia kwenye grupu saa kumi na moja na nusu na picha ya kocha juu ya ngazi. Mpe mtu mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo shauri yake.

Sheria ya pili, njoo na hoja. Hoja zenye uhai ni hizi. Ratiba: Big East wako 11 na kila mtu anacheza na kila mtu nyumbani na ugenini, kwa hiyo bingwa wake huwezi kumsema. Lakini SEC wako 16 na mechi 18 tu, Big Ten wako 18 na mechi 20, kwa hiyo kuna wenzio unakutana nao mara moja tu, pengine kwako. Mtu akikwambia bingwa wenu kapata ratiba nyepesi usikasirike, fungua ratiba, hesabu amekwenda ugenini kwa nani, mjibu kwa majina ya timu.

Nyingine ni ile ya "mnashinda nyumbani tu". Ina ukweli wake. Kamati ya NCAA inatumia kipimo kinaitwa NET na humo ushindi wa ugenini unathaminiwa zaidi: kumfunga kwako timu ilioko ndani ya 30 bora ni ushindi wa daraja la juu, lakini ukimfuata kwake anatosha kuwa ndani ya 75. Kwa hiyo ule ushindi wa kumalizia ubingwa nyumbani unaweza kuwa hauna uzito mkubwa kwenye karatasi za kamati. Kubali hilo, halafu muulize mwenzio timu yake imemaliza ya ngapi.

Na kuna lile la Hasheem Thabeet, maana huku kwetu UConn ina watu wengi kwa sababu yake, kijana wa Dar akaenda kule akakaa 2006 mpaka 2009, akachaguliwa wa pili NBA. Vijana wanapenda kusema Thabeet alikuwa bingwa wa Big East. Hakuwa. Alikuwa mlinzi bora wa konferensi mara mbili, na 2009 akagawana uchezaji bora na DeJuan Blair wa Pittsburgh, lakini taji la msimu mwaka ule lilikwenda Louisville, na kwenye mtoano UConn wakatolewa na Syracuse kwenye ile mechi ya ovataimu sita, yaani vipindi sita vya nyongeza, 127-117, iliomalizika New York saa saba na dakika 22 usiku, kwetu saa mbili asubuhi, Darajani maduka yanafunguliwa. Kwa hiyo mtu akikuletea hiyo, mrekebishe taratibu, mkubwa ukimwambia "mzee wangu hapo siko nawe", mdogo ukimwambia yakhe kasome.

Mambo ya timu yako kuwekwa namba moja au namba tatu kwenye mashindano makubwa, maana kamati inazipanga timu kwa ubora, usiyabishie bado. Ratiba yenyewe inatangazwa Jumapili baada ya mitoano kuisha, saa kumi na mbili jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa saba usiku kuamkia Jumatatu. Kama una kazi asubuhi lala baada ya isha, weka alam, na simu iache mbali na kitanda ili uinuke kweli.